Bwana Whitworth na Lugha ya Nati

Leo nataka nikusimulie, msomaji wangu, habari za mtu ambaye huenda jina lake umelishika mkononi mara nyingi pasi na kumjua mwenyewe. Katika kasha la fundi mkongwe wa Pwani, chini kabisa, aghalabu hupatikana spana nzito iliyopigwa muhuri wa herufi W ubavuni. Herufi hiyo ni ya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyezaliwa Stockport, karibu na Manchester, mwezi wa Desemba 1803.

Babake alikuwa mwalimu wa shule. Mamake alifariki naye angali mdogo, na alipotimiza miaka 14 alipelekwa katika kinu cha pamba cha mjomba wake ili afunzwe biashara. Kumbe moyo wa kijana ulikuwa kwenye mitambo inayozunguka, si kwenye hesabu za marobota. Akatoroka, akaenda Manchester kufanya kazi ya fundi kwa mikono yake. Mwaka 1825 akaoa, akahamia London, akaajiriwa na Henry Maudslay, bingwa wa mafundi wa zama zile.

Huko ndiko alikofanya jambo ambalo fundi yeyote wa kweli atalistaajabia. Alitaka bamba la chuma lililo sawa kabisa. Sasa ukisugua mabamba mawili hadi yakalaliana, huwezi kuwa na hakika, kwani moja laweza kuwa na mbonyeo na lingine mwinuko, nayo yakaafikiana katika upotovu wao. Whitworth alichukua mabamba matatu. Akayalinganisha mawili mawili kwa zamu, akipaka rangi na kukwangua taratibu palipoinuka. Matatu hayawezi kulaliana yote ila yawe sawa. Kwa bamba, rangi na mkono wenye subira akapata usawa ambao mashine za wakati ule hazikuweza kuutoa.

Mwaka 1833 akarudi Manchester, akafungua karakana yake ya kuunda mitambo ya mafundi. Enzi hizo kila karakana ilikata hesi kwa kipimo chake. Bolti ya huyu haikukubali nati ya yule, hata zikiwa za unene mmoja. Nati moja ikipotea, mwenye mashine hakuwa na budi kumrudia aliyeiunda na kulipa atakachoambiwa. Mnunuzi alikuwa mateka wa muuzaji.

Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akachukua wastani wake. Mwaka 1841 akauweka mpango wake mbele ya jumuiya ya wahandisi mjini London: jino la hesi liwe na pembe ya digrii 55 kwa bolti zote, na hesabu ya meno ifuate unene. Bolti ya robo inchi iwe na meno 20 katika kila inchi, ya nusu inchi meno 12, ya inchi nzima meno 8. Kampuni za reli zikaukubali mapema, na karakana nyingine zikafuata. Mimi humsifu kwa wastani ule kuliko kwa lolote jingine, kwani angeweza kuwalazimisha watu kipimo cha karakana yake, na hakufanya hivyo.

Sasa wewe unayetaka kufufua mashine ya kale, tega sikio, maana hapa ndipo mali inapoharibika. Spana ya Whitworth haiandikwi upana wa mdomo wake. Huandikwa unene wa bolti. Ile ya robo inchi mdomo wake ni kama milimita 13.3. Aliyezoea milimita huchukua ya 13, ikakataa. Huchukua ya 14, ikaingia kwa kuchezacheza, naye akaivuta kwa nguvu hadi pembe za nati zikalika. Nati ikishakuwa mviringo, kinachobaki ni patasi na nyundo. Nimepata kuiona pampu ya Kiingereza, ya tangu ukoloni, ikimalizwa hivyo kwa asubuhi moja na kijana mwenye seti mpya inayong'aa.

Wala usidhani W itakufaa kila penye inchi. Chukua mashine za pinboli, zile meza zenye kioo juu ambamo gololi ya chuma hurushwa huku na huku na taa zikawaka. Nyingi ziliundwa Chicago. Nati zake ni za inchi za Kimarekani, na nambari ya spana yake ni upana wa nati yenyewe. Mwenye kuzikarabati hutafuta bisibisi za nati za inchi 1/4, 5/16 na 11/32. Hiyo ya mwisho ni milimita 8.73: ya 8 haiingii, ya 9 inacheza. Yaleyale ya pampu.

Wamarekani walijitenga mwaka 1864, pale William Sellers wa Philadelphia alipopendekeza jino la digrii 60 lenye ncha bapa, lililo jepesi kukatwa. Bolti yake ya nusu inchi ikawa na meno 13. Tofauti ya jino moja tu, lakini katika Vita vya Pili vya Dunia iliwatesa Wamarekani na Waingereza, washirika wasioweza kuazimana bolti. Mwaka 1948 nchi hizo mbili na Kanada zikaafikiana hesi moja, ya digrii 60.

Whitworth hakuwahi kuyaona hayo. Aliunda pia bunduki yenye mtutu wa pembe sita kwa ndani, ikaishinda ile ya jeshi katika majaribio ya 1857, na jeshi likaikataa vilevile. Mwaka 1868 alitoa fedha za kuwasomesha vijana 30 wa ufundi, pauni 100 kwa mwaka kila mmoja. Alifariki Monte Carlo mwezi wa Januari 1887 bila kuacha mtoto, na sehemu kubwa ya mali yake ikarudi Manchester.

Spana zake siku hizi huangukia kwa wauza vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo. Ukiiona yenye W, na nyumbani una mashine ya Kiingereza ya zamani, inunue kabla haijayeyushwa.