Louis Leakey: Mzaliwa wa Kabete aliyebadili utafiti wa sokwe

Ukitaja utafiti wa sokwe mtu, wengi humkumbuka Jane Goodall na msitu wa Gombe kule Kigoma. Ni sawa kabisa. Ila nyuma yake kulikuwa na mzee mmoja aliyehangaika kutafuta pesa na kibali, na ambaye mwenyewe wala hakuwa mtaalamu wa sokwe. Huyo ni Louis Leakey.

Alizaliwa Agosti 7, 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akaongea Kikuyu kama wao na kuingizwa kwenye rika lao. Baadaye alisoma Cambridge, akarudi Afrika Mashariki kutafuta chimbuko la binadamu.

Kazi yake ilikuwa kuchimba mifupa ya kale. Mwaka 1959 mkewe, Mary, aligundua fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, Tanganyika, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Jina la Leakey likavuma dunia nzima.

Lakini kuna kitu mifupa haisemi. Fuvu halikuambii kama mwenye nalo aliwapenda wanawe, au aligawana chakula na jirani. Leakey akawaza hivi: tukiwajua sokwe wanavyoishi porini, labda tutapata fununu ya maisha ya wazee wetu wa kale. Gombe ilimvutia kwa sababu iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mabaki mengi aliyochimba yalitoka kando ya maziwa ya zamani.

Akamchagua nani? Katibu wake! Goodall alikutana naye mwaka 1957, akafanya kazi chini yake kwenye jumba la makumbusho Nairobi. Hakuwa na digrii hata moja. Kwa Leakey hiyo ilikuwa sifa: alitaka mtu mvumilivu, mwenye macho makali, ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia za watu.

Wakubwa wa kikoloni waligoma. Msichana peke yake porini? Haiwezekani. Ikabidi mama yake amsindikize. Julai 14, 1960 wakashuka Gombe. Goodall alikuwa na miaka 26.

Miezi michache baadaye alimwona sokwe akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Wengine walipukutisha majani ya kitawi kwanza ili kifae. Enzi hizo wasomi walifundisha kuwa binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Leakey alipopata habari alielewa mara moja kwamba mpaka huo umevunjika.

Jina au namba?

Sasa tazama kilichokuwa kikiendelea Marekani. Januari 31, 1961, sokwe mdogo aliyekamatwa Kamerun alifungwa ndani ya roketi na kurushwa angani. Alifundishwa kuvuta vishikio taa zikiwaka. Akikosea, anapigwa shoti ya umeme mguuni. Kabla ya safari aliitwa Namba 65. Alirudi salama, ndipo dunia ikamjua kwa jina la Ham. Baadaye akakaa miaka mingi peke yake kwenye bustani ya wanyama jijini Washington.

Kule Gombe, sokwe walikuwa David Greybeard, Flo, Fifi. Leakey alipompigania Goodall akaingia Cambridge mwaka 1962 kusomea udaktari wa falsafa bila digrii ya kwanza, wasomi walimkosoa: eti mtafiti makini hutoa namba, si majina. Hakukubali. Na ukishampa mnyama jina, ukamjua mama yake na tabia zake, ni vigumu kumwona kama kifaa cha maabara.

Tusiseme Leakey alikuwa malaika. Wakati wa Mau Mau alisimama na serikali ya kikoloni, akawa mkalimani kwenye kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, na wapo Wakenya ambao hawajasahau.

Hata Gombe yenyewe haikuwa bila lawama. Ili sokwe wasogee karibu, walipewa ndizi. Kumbe ndizi zilileta ugomvi, na watafiti ikabidi wapunguze. Mwaka 1966 polio iliwakumba. Wengine walipooza, wengine wakafa, na mmoja alipigwa risasi ili kumwondolea mateso. Goodall aliwapa chanjo ndani ya ndizi. Funzo likabaki: hata kutazama tu kuna gharama, na anayelipa ni mnyama.

Leakey hakuishia hapo. Alimsaidia Dian Fossey kwenda kwa gorila wa Kongo na baadaye Rwanda, kisha Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo. Alifariki London Oktoba 1, 1972, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Amezikwa Limuru.

Hakuona mwisho wa mjadala. Sokwe waliendelea kutumika maabara kwa miongo mingi, ikiwemo kwenye utafiti wa homa ya ini. Mwaka 2015 tu ndipo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipotangaza kuacha kabisa kugharamia utafiti wa kitabibu kwa sokwe. Waliotetea utafiti huo walisema umeokoa watu. Waliopinga walitumia mambo yaliyoonekana Gombe: sokwe huomboleza, hukumbuka, hupatana baada ya ugomvi.

Goodall naye alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 91. Tarehe ilikuwa ileile ya mzee wake: Oktoba 1.