Robert Owen, tajiri wa pamba aliyeugeukia ujamaa

Nilisoma historia uhamishoni, darasa zima tukigombea kitabu kimoja. Mwalimu wetu aligawa ubao kwa mstari wa chaki: huku ubepari, kule ujamaa. Tulinakili, tukafaulu mtihani. Leo nafundisha somo hilo hilo nyumbani, na kila nikifika kwenye mapinduzi ya viwanda kuna mtu mmoja anayekataa kukaa upande wowote wa mstari ule. Ni Robert Owen.

Alizaliwa Newtown, Wales, mwaka 1771. Akiwa na miaka 10 hivi aliacha shule, akaenda kujifunza kazi kwa muuza vitambaa. Ndugu zangu wafanyabiashara, huyu ni mwenzenu, alianzia dukani. Miaka ishirini na kidogo ilimkuta tayari ni meneja wa kiwanda cha pamba mjini Manchester.

Januari 1800 alishika uongozi wa New Lanark, Scotland, viwanda ambavyo yeye na wabia wake walivinunua kwa mkwewe, David Dale. Mitambo iliendeshwa kwa maji ya mto Clyde. Kijijini waliishi watu wapatao 2,000, wakiwemo watoto 500 hivi waliotolewa kwenye nyumba za maskini za mijini.

Owen aliacha kupokea watoto hao, na hakuna aliyeajiriwa kabla ya miaka 10. Wenye viwanda wengi waliwauzia wafanyakazi wao bidhaa mbovu kwa bei ya kuruka. Yeye alinunua kwa jumla, akauza kwa faida ndogo, na faida hiyo ikasaidia shule. Marekani ilipozuia pamba yake isitoke nje, mitambo ilisimama miezi minne, naye akaendelea kulipa mishahara. Mwaka 1816 alifungua jengo la elimu: mchana watoto, hata wanaoanza tu kutembea, na jioni watu wazima.

Wabia walinung'unika. Mwaka 1813 alipata wengine, akiwemo mwanafalsafa Jeremy Bentham, waliokubali kuridhika na asilimia 5 ya mtaji wao. Na kiwanda kilileta faida!

Lakini tusimpambe mno. New Lanark hakuna aliyepiga kura. Karibu na kila mfanyakazi kilining'inia kibao cha rangi nne kuonyesha mwenendo wake wa jana: nyeusi mbaya, nyeupe safi kabisa. Mimi nisingependa kufundisha chini ya kibao hicho.

Mwaka 1825 alinunua kijiji cha New Harmony, Indiana, Marekani, ili watu waishi kwa mali ya pamoja. Walikuja wasemaji wengi, mafundi wachache. Katiba ziliandikwa na kuandikwa upya, na kufikia 1827 jaribio lilikuwa limevunjika pamoja na sehemu kubwa ya utajiri wake. Mwanafunzi wangu aliwahi kuuliza: mbona kwa bosi ilifaulu, bila bosi ikashindwa? Nilimpeleka Rochdale, Uingereza, ambako mwaka 1844 wafanyakazi, baadhi yao wafuasi wa Owen, walichanga akiba yao wakafungua duka la ushirika. Bosi hawakuwa naye, ila hesabu walikuwa nayo, na duka lilisimama.

Owen alirudi Newtown, akafa mwaka 1858.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1819, aliyoipigania, iliwatoa viwandani mwa pamba watoto wa chini ya miaka 9, lakini haikuweka wakaguzi wa kweli. Asubuhi nikienda shuleni napishana na watoto wenye mizigo kichwani, wakielekea mpakani. Majina ya baadhi yao yamo kwenye daftari langu la mahudhurio.