Singer: Mtu Aliye Nyuma ya Jina la Cherahani

Majuma machache yaliyopita, msomaji wangu, nyumbani kwetu palikuwa na shughuli ya kupendeza. Binti yetu alikuwa amekaribia kujifungua. Mama yake akaitoa uvunguni cherahani ya mkono aliyoachiwa na mamake, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta, akaketi mkekani kumshonea mjukuu mawinda, ama nepi kama wasemavyo vijana. Nepi za dukani zipo tele, lakini bei yake haina huruma. Tena yeye hushikilia kwamba hakuna kitambaa kinachomfaa mtoto mchanga kuliko leso kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika.

Nilikaa nikamtazama. Leso moja aliikata vipande viwili vya mraba, kila upande kiasi cha inchi 27. Ukanda uliobaki akaukunja na kuushonea katikati, pale panapolowa zaidi. Kisha akapiga pindo pande zote ili nyuzi zisichomoke. Maana winda hufuliwa kutwa kucha, na mama anayeitunza tohara yake kwa ajili ya swala hawezi kuwa na mawili matatu tu. Kwa mkono, kazi ile ingalichukua siku nyingi. Kwa cherahani, baina ya adhuhuri na alasiri alikwisha shona kumi na mawili.

Ndipo mjukuu wetu mkubwa, aliyekuwa akimsaidia kuzungusha gurudumu, akaniuliza kama Singer ni mtu ama ni nini. Niliona haya. Jina lile la herufi za rangi ya dhahabu nimelitazama tangu nikiwa mtoto wa chuoni, wala sikupata kuuliza lilitoka wapi. Basi nikaenda kupekua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba, 1811, huko Pittstown katika jimbo la New York, Marekani. Babake alikuwa mhamiaji wa Kijerumani. Wazazi waliachana naye angali mdogo, na alipofika umri wa miaka 12 aliondoka akaenda kwa kakake mjini Rochester, akajifunza kazi ya mashine. Lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya kuigiza. Alitangatanga mji hata mji pamoja na waigizaji, na kila mfuko ulipokauka alirejea kwenye nyundo na tupa. Mwaka 1839 alibuni mashine ya kutoboa miamba, akauza haki yake kwa dola 2,000. Fedha hizo nazo zikaliwa na michezo.

Mwaka 1850, akikaribia miaka 40 na akiwa hana kitu, alikuwa mjini Boston katika karakana ya Orson Phelps, mahali palipotengenezwa cherahani. Naam, cherahani zilikuwapo. Singer siye aliyeanza. Mmarekani mwenzake, Walter Hunt, alitengeneza yake katika miaka ya 1830 asiiandikishe, na Elias Howe alipewa hati ya ubunifu mwaka 1846. Huyo Hunt, kwa faida ya wanaofunga mawinda, ndiye aliyebuni pini ya kujifunga mwaka 1849, akaiuza haki yake kwa dola 400.

Cherahani za karakana ile zilikuwa na maradhi mengi. Singer akazichunguza, akaona kasoro yake. Chombo cha uzi wa chini kilizunguka duara. Yeye akataka kiende na kurudi katika njia iliyonyooka. Sindano ilikuwa imepinda na kwenda kwa ubavu; yeye akataka iwe wima, ipande na kushuka. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua siku 11. Tarehe 12 Agosti, 1851, akapewa hati yake.

Howe akamshitaki, na mwaka 1854 Singer akalazimika kumlipa dola 15,000. Mwaka 1856 wenye viwanda wakubwa wakaona kugombana hakuleti faida, wakaunganisha haki zao. Mwaka huo huo mshirika wa Singer, wakili Edward Clark, alileta mpango uliofungua milango ya nyumba za maskini: mtu atoe fedha kidogo, aichukue cherahani, na kilichobaki akilipe mwezi kwa mwezi. Zamani hizo shati moja la mwanamume lilihitaji zaidi ya saa 14 kwa mkono. Kwa mashine lilikwisha kwa saa moja na robo hivi.

Hapo niliposoma nilikiweka kitabu chini. Mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifiwa na mumewe akiwa na watoto wanne. Cherahani hii hii aliichukua kwa malipo ya kidogo kidogo, akashona nguo za watu usiku kwa kandili, na mmoja wa mayatima hao ndiye mke wangu. Kwa hivyo mimi nina deni kwa mpango ule.

Lakini lazima niseme na ya upande wa pili. Singer alioa mwaka 1830, kisha akamwacha mkewe na watoto, akaishi miaka mingi na Mary Ann Sponsler, aliyemzalia watoto na kutambulikana na watu kuwa mkewe, naye hakumwoa. Mwaka 1860 bibi huyo alimkuta mjini New York akipita garini na mwanamke mwingine. Hapo ikafichuka kuwa ana nyumba nyingine za siri mjini humo humo, nazo zina watoto. Akakimbilia Ulaya. Mwaka 1863 alimwoa Isabella Boyer, na hatimaye wakahamia Paignton, Uingereza. Huko alianza kujenga jumba la fahari, akafa tarehe 23 Julai, 1875, kabla halijamalizika. Aliacha watoto zaidi ya 20 na mamilioni ya dola, na ugomvi wa mirathi ukafika mahakamani.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Cherahani yake iliwapunguzia kazi wanawake wa dunia nzima, na wale waliokuwa karibu naye aliwaachia majonzi. Hati ya ubunifu aliijali. Hati ya ndoa aliichezea. Kitu kizuri chaweza kutoka katika mkono wa mtu ambaye nyumbani kwake hakutengenea, na haki ni kuyataja yote mawili, pasi na kuficha moja kwa ajili ya jingine.

Kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980. Cherahani ya mkwe wangu ingali inashona. Mjukuu amekwisha zaliwa, alhamdulillahi, ni wa kike. Na niandikapo haya mawinda yake yamejaa kambani uani, leso kuukuu za bibi yake na za mama wa bibi yake. Yule mkubwa nimemjibu swali lake, nikamweleza yote mawili.