MAISHA YA ARCHIMEDES, MTU ALIYEFUNGA DUARA KATIKATI YA KUTA MBILI



Leo tunapenda kuwaletea maisha ya mtu ambaye jina lake mnalisikia sana katika fizika, lakini kazi yake katika jometria ni kubwa vile vile. Ni Archimedes, yule tunayemwita Archimède kwa Kifaransa. Kila mara mwalimu wa matematiki anapoandika 3,14 kwenye ubao, anatumia kazi ya mtu huyu aliyekufa zaidi ya miaka 2200 iliyopita.

Archimedes alizaliwa karibu mwaka 287 mbele ya Kristo, katika muji wa Syracuse, kwenye kisiwa cha Sicilia. Leo kisiwa kile ni cha inchi ya Italia, lakini wakati ule watu wa Syracuse walikuwa Wagiriki kwa lugha na kwa desturi. Baba yake, Phidias, alikuwa mtu wa kuchunguza nyota. Archimedes mwenyewe aliandikia barua wenye elimu wa Alexandria, katika Misri. Mmoja wao ni Eratosthenes, yule aliyepima ukubwa wa dunia.

Zamani zile duara ilikuwa matata. Kupima mstari ulionyoka si kazi: unaweka late, unasoma. Lakini duara haina upande ulionyoka hata mmoja. Watu walizungusha kamba, wakaona kwamba mzunguko ni karibu mara tatu ya diametri. Hata katika Biblia, 1 Wafalme 7:23, tunasoma juu ya bahari ya shaba ya Solomono: dhiraa 10 toka ukingo mupaka ukingo, na kamba ya dhiraa 30 kwa kuizunguka. Hii inatosha kwa kueleza ukubwa wa chombo. Lakini Archimedes aliuliza: juu ya ile tatu, kunabaki kiasi gani?

Njia yake ndiyo hii. Kamateni kompa, mchore duara. Ndani yake mchore umbo la pande 6 zinazolingana. Kila upande unalingana na rayoni. Basi pande 6 ni rayoni 6, maana yake diametri 3. Lakini duara inapita inje ya zile pande, kwa hiyo mzunguko ni zaidi ya diametri 3. Halafu Archimedes akachora umbo lingine kwa inje, linalogusa duara. Lile ni refu kupita duara. Sasa duara imefungwa katikati, sawa vile mtu aliyesimama kati ya kuta mbili.

Hakuishia pale. Aliongeza pande: 12, halafu 24, halafu 48, mupaka 96. Kila mara zile kuta mbili zinakaribiana. Mwishoni akaonyesha kwamba mzunguko ni chini ya diametri 3 na 1/7, na ni zaidi ya diametri 3 na 10/71. Kwa namna yetu ya kuandika, ni kati ya 3,1408 na 3,1429. Ile 22/7 tunayotumia ni ukuta wake wa inje. Na tusisahau kwamba hakuwa na ziro yetu wala virgule: Wagiriki waliandika hesabu kwa herufi za alfabeti. Hata alama π haikuwako. Aliyeitumia kwanza kwa kazi hii ni William Jones, katika Uingereza, mwaka 1706.

Juu ya eneo, alionyesha kwamba duara inalingana na pembetatu yenye pembe ya mraba, ambayo upande mmoja ni rayoni na mwingine ni mzunguko. Eneo la pembetatu ni nusu ya upande mara upande. Basi eneo la duara ni nusu ya mzunguko mara rayoni. Tuseme kuna shamba la duara lenye diametri ya metre 14. Mzunguko ni 14 mara 22/7, ni metre 44. Nusu yake ni 22, mara rayoni 7, ni metre mraba 154. Anayehesabu kwa mara tatu tu atanunua waya ya metre 42, na lupango lake litabaki wazi metre 2. Mbuzi watapita pale.

Archimedes alizeeka wakati wa vita. Waroma, wakiongozwa na mkubwa wao Marcellus, walizunguka Syracuse. Yeye alitengeneza mashine za kutupa mawe na za kukamata mashua, na muji ukasimama siku nyingi. Lakini mwaka 212 mbele ya Kristo ulianguka. Marcellus alitaka mzee huyu aachwe hai, lakini askari mmoja alimuua. Waandishi wa zamani wanaeleza kifo kile kwa namna mbalimbali, na wengi wanasema alikuwa anaangalia michoro yake ya jometria. Vita haiulizi mtu anajua nini.

Mwaka 75 mbele ya Kristo, Cicero, Muroma aliyetumika Sicilia, alikuta kaburi lake limefunikwa na miiba. Watu wa kwao walikuwa wamelisahau. Vitabu navyo karibu vipotee. Katika karne ya 13 kitabu chake kimoja cha ngozi kilipanguliwa wino, wakaandika maombi juu yake. Mwaka 1906 mwalimu Heiberg, toka Danemark, alikiona katika Constantinople, akasoma maneno ya Archimedes chini ya yale maombi. Kazi ya kupima duara imo.

Tunajifunza nini? Mwenye kusema „karibu tatu” hakudanganya, lakini Archimedes alisema karibu kutoka wapi mupaka wapi, tena akaonyesha sababu. Katika karne ya 18, Lambert alithibitisha kwamba π haiwezi kuandikwa kamili kwa sehemu yoyote ya hesabu nzima. Basi kuta mbili za Archimedes zilikuwa njia ya kweli.

Wenzetu, formula inaweza kutoka kichwani siku ya egzame, wakati umekaa mbele ya karatasi. Lakini anayejua njia iliyoleta ile formula anaweza kuchora duara na pande 6, akarudi mwenyewe mupaka pale. Tuulize basi walimu wetu sababu, tusiombe formula tu.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya sisi wa mwaka wa mwisho