Kipa Aliyeitwa Mwalimu

Katika mji wetu huu wa Eldoret, mtoto hahitaji kuambiwa Kipchoge Keino ni nani. Uwanja wenye jina lake umo humu humu mjini, na medali ya dhahabu aliyoitwaa Munich mwaka 1972, katika mbio za kuruka viunzi na maji, inajulikana na kila mwalimu wa michezo. Mwaka uo huo Harambee Stars ilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Kamerun. Waulize wanafunzi wako majina ya makipa wa kikosi kile, nawe utajibiwa kwa kimya.

Mmoja wao alikuwa James Aggrey Siang'a, aliyeidakia pia Gor Mahia. Huko Kamerun, Kenya ilifungwa na wenyeji mabao 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Mali, kisha na Togo, ikarejea nyumbani.

Ukipa ni kazi isiyo na shukrani. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, hubebwa juu juu. Kipa akiokoa mara tisa na kufungwa mara moja, hulaumiwa hadi uzeeni. Hata hivyo, yeye ndiye auonaye uwanja mzima mbele yake. Haishangazi, basi, kwamba Siang'a alipotundika glavu aligeukia ukufunzi.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Siang'a aliifunza Gor Mahia, lakini tunzo yake kubwa aliipata ugenini. Mwaka 2002 aliinoa Taifa Stars ya Tanzania. Mwaka 2003, akiwa na Simba ya Dar es Salaam, alikabiliana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Cairo, kisha ikavuka kwa penalti 3-2 na kuingia hatua ya makundi. Langoni alisimama kijana Juma Kaseja. Kando ya uwanja alisimama mzee aliyeufahamu vyema upweke wa mlingotini.

Sisi Wakenya humwita mtu wa kazi hiyo kocha, neno tulilolikopa kwa Waingereza. Watanzania wengi humwita mwalimu. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Mwalimu, kama kipa, hukumbukwa zaidi pale mambo yanapoharibika. Ushindi huandikwa kwa jina la mwanafunzi.

Siang'a alifariki Septemba 2016, katika kaunti ya Bungoma, si mbali na hapa. Walimu wenzangu, wapo wazee wengine wa enzi zake ambao bado wanapumua katika vijiji vyetu. Watumeni wanafunzi wakawasikilize na kuyaandika masimulizi yao kwa Kiswahili sanifu. Insha kama hiyo ina faida kuliko kumi za kubuni, na mzee akishazikwa, hakuna wa kusahihisha.