Gustave Eiffel na Nguvu ya Upepo

Gustave Eiffel alizaliwa tarehe 15 Desemba, 1832, katika mji wa Dijon, nchi ya Ufaransa. Alimaliza masomo yake Paris mwaka 1855, akashika kazi ya kujenga madaraja ya chuma.

Mwezi wa Desemba, 1879, dhoruba iliangusha daraja la mto Tay huko Scotland, pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita juu yake. Hakupona msafiri hata mmoja. Waliolijenga hawakuutilia upepo hesabu ya kutosha.

Basi Koechlin na Nouguier, wahandisi wa Eiffel, walipochora mnara wa mita 300 mwaka 1884, upepo ndio uliokuwa adui mkubwa. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Tena huko juu huvuma kwa ukali zaidi. Kwa hiyo miguu ya mnara ilitanuliwa chini na kupindwa kwa kufuata hesabu hiyo, na vyuma vikapishanishwa kama wavu ili upepo upite katikati. Mnara ulikamilika tarehe 31 Machi, 1889. Hata leo, dhoruba ikivuma, kilele chake huyumba sentimeta chache tu.

Lakini kibali cha mnara kilikuwa cha miaka 20, kisha ungeweza kubomolewa. Eiffel akaufanya chombo cha elimu. Alidondosha vibao kutoka juu, akapima jinsi hewa inavyovizuia. Mwaka 1909 akajenga karibu na mnara chumba chenye feni kubwa ya kuendesha hewa. Humo alionyesha kwamba bawa la eropleni huinuliwa zaidi na upungufu wa mgandamizo wa hewa juu yake kuliko na msukumo wa hewa ya chini. Mnara ulifaa pia kwa simu za upepo, ukaachwa usimame.

Maarifa hayo yatufaa hata sisi huku Songwa. Dhoruba ing'oapo paa, hewa iendayo kasi juu ya bati huwa na mgandamizo mdogo, na ile ya ndani ya nyumba hulisukuma bati juu. Kwa hiyo kuweka mawe juu ya bati hakutoshi. Yafaa kenchi zifungwe imara ukutani, na bati lipigiliwe barabara.

Eiffel alifariki tarehe 27 Desemba, 1923, akiwa na umri wa miaka 91.