Mzee Kijuma, fundi wa khati aliyeandika kisa cha Liongo

Msafiri atokaye Garsen kuelekea pwani akifuata njia ya Kipini hufika mahali ambapo Mto Tana unaingia baharini. Hapo, kati ya Kipini na kijiji cha Ozi, wenyeji huonyesha mahali wanapoamini kwamba alizikwa Fumo Liongo, shujaa, mshairi na mpiga upinde. Hapakosi pia magofu ya mji wa kale wa Ungwana, uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, ambaye kitabu chake kuhusu mji huo kilichapishwa mwaka wa 1966.

Kisa cha Liongo ni cha delta hii. Hata hivyo, utendi unaokisimulia, ule ambao vizazi vya wasomi wameufanyia kazi, haukutungwa Ozi wala Kipini. Uliandikwa Lamu mwaka wa 1913 na mtu ambaye jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vikuu, ilhali vitabu alivyoviandika kwa mkono vimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa London na Ujerumani. Mtu huyo ni Muhammad bin Abubakar bin Umar al-Bakari, aliyejulikana kwa watu wa mji wake kama Kijuma, au Kijumwa.

Alizaliwa Lamu kunako mwaka wa 1855, wakati kisiwa hicho kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwana Kupona alitunga utendi wake maarufu wa kumuusia bintiye mwaka wa 1858, Kijuma akiwa bado mtoto mdogo. Kwa hivyo alikulia katika mazingira ambamo ushairi ulikuwa chakula cha kila siku, na ambamo kitabu hakikuwa kitu cha kununuliwa dukani. Aliyetaka utendi alitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri amnakilie, kwa herufi za Kiarabu.

Kijuma alikuwa na mwandiko huo, na si huo tu. Alichonga milango. Alitengeneza na kupiga kibangala, ala ya nyuzi iliyopendwa mno pwani ya kaskazini. Alitunga nyimbo za mashindano ya ngoma, yale ambayo mitaa ya Lamu ilishindania heshima kwa usiku kucha na kwa gharama kubwa. Wako waliomheshimu kwa elimu yake ya dini, na wako waliomnung'unikia kwa sababu ya ngoma zake. Mtu mwenye vipaji vingi hivyo mara nyingi huwa na maadui wa kila aina.

Ni katika uchongaji ndipo jina lake lilipobaki kinywani mwa watu wa kawaida. Mafundi wa Lamu hadi leo hutambua aina ya nakshi inayoitwa kijumwa, yenye maua na majani yanayofungamana, ambayo hunasibishwa naye. Yeyote aliyewahi kutazama kurasa za miswada yake huiona nakshi hiyo hiyo ikihama kutoka kwenye mbao na kuingia kwenye karatasi. Ukurasa wa mwanzo huzungushiwa fremu kama ya mlango. Wino mweusi hufuatana na wa rangi. Vipande vya beti hutenganishwa kwa alama zilizopangwa kwa mstari, na mwishoni, mara nyingi, fundi huweka jina lake, mji wake na tarehe. Ni nadra kukuta mnakili wa zama zile aliyejitambulisha kwa uthabiti kiasi hicho. Huenda ni kwa kuwa alijua kwamba kazi zake zingesafiri.

Na kweli zilisafiri. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kukumbuka yaliyoupata mji wa Lamu katika nusu ya pili ya maisha yake. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka wa 1896 na 1901 ilivuta biashara kuelekea kusini. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, mashamba ya bara, yaliyowatajirisha mabwana wa Lamu, yalidhoofika. Familia zilizokuwa zikiagiza milango ya nakshi na kugharamia mashindano ya ngoma zilianza kuhesabu senti. Fundi aliyebaki na ujuzi lakini bila wateja alihitaji wateja wapya, nao walikuja kwa jahazi na kwa meli.

Wa kwanza walikuwa wamisionari. Tangu miaka ya 1880, wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walikuwa wamefika Lamu na kupanda Mto Tana hadi Ngao, karibu na Garsen, walikofanya kazi miongoni mwa Wapokomo. Wazungu waliotaka kujifunza Kiswahili cha Lamu na kuzisoma herufi zake walielekezwa kwa Kijuma. Aliwafundisha na kuwanakilia tenzi. Uhusiano huo ulimletea riziki, lakini pia ulimletea shaka. Baadhi ya watu wa mji walimtazama kama mtu aliyesogea mno upande wa kanisa, na maneno hayo yalimfuata hadi uzeeni.

Mwaka wa 1911 aliwasili Bi Alice Werner, mtafiti Mwingereza aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Alikaa pwani hadi mwaka wa 1913, na safari zake zilimfikisha pia Mto Tana, ambako alikusanya masimulizi ya Wapokomo na kuyachapisha mwaka huo wa 1913. Wapokomo nao walikuwa na masimulizi yao ya Liongo, kwani mkono wa shujaa huyo unasemekana ulifika mashambani mwao kando ya mto. Huko Lamu Bi Werner alikutana na Kijuma. Mkutano huo ndio uliozaa utendi.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa mara nyingi Kijuma huitwa mnakili tu. Kisa cha Liongo kilikuwa kikisimuliwa kwa karne nyingi, na Askofu Edward Steere alikwisha kukichapisha kwa nathari mwaka wa 1870. Nyimbo zinazonasibishwa na Liongo mwenyewe zilikuwa zikiimbwa kwenye ngoma ya gungu. Alichokifanya Kijuma mwaka wa 1913 ni kuyakusanya masimulizi hayo na kuyatia katika bahari ya utendi, beti zaidi ya 200. Ni yeye aliyeamua kianzie wapi, kiishie wapi, na nani azungumze.

Katika utendi wake, Sultani wa Pate anamhofia Liongo kwa nguvu zake na kwa jinsi watu wanavyompenda. Wagala, jina ambalo wakati ule watu wa pwani waliwaita mababu wa Waorma wa leo, wanataka kupata mbegu ya shujaa huyo, naye anaozwa kwao na kupata mtoto wa kiume. Liongo anatiwa gerezani. Mama yake anamtuma kijakazi Saada na mkate wa wishwa ambao ndani yake mna tupa. Usiku wa gungu, kelele za ngoma zinaifunika sauti ya tupa ikikata pingu, na asubuhi gereza li tupu. Mwishowe ni mwanawe mwenyewe anayemwua kwa kumdunga sindano ya shaba kitovuni, naye anafia kisimani akiwa amepiga goti, upinde mkononi, huku watu wa mji wakiogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai.

Msomaji wa Garsen anayejua uhusiano wa siku nyingi, wa ndoa na wa ugomvi, kati ya wafugaji na wakulima wa Tana, hatashangazwa na mpango wa ndoa katika utendi huu. Kijuma aliyaandika hayo kama mtu aliyeijua bara iliyo mkabala wa kisiwa chake.

Bi Werner alirejea Uingereza na hazina yake. Chuo cha lugha za Mashariki kilipofunguliwa London mwaka wa 1917, yeye alikuwa mwalimu wake wa Kiswahili, na baadaye akawa profesa. Mwaka huo huo wa 1917 alichapisha utendi wa Mwana Kupona, na katika miaka ya 1920 akachapisha kisa cha Liongo katika jarida la chuo hicho. Alifariki mwaka wa 1935.

Kufikia hapo mkusanyaji mwingine alikuwa amejitokeza. William Hichens, aliyewahi kuhudumu katika serikali ya kikoloni Afrika Mashariki, alimwandikia Kijuma kutoka Uingereza katika miaka ya 1930 akiomba nakala za tenzi. Walishirikiana kwa barua tu, na mzee huyo, aliyekaribia umri wa miaka 80, aliendelea kuketi na kalamu yake. Katika kipindi hiki ndipo anapoonekana akishughulikia tatizo lililowasumbua waandishi wengi wa Kiswahili: herufi za Kiarabu hazina alama za kutosha kwa sauti zetu, kama vile p, ch na v, wala hazitofautishi e na i. Kijuma alitumia nukta na alama za ziada ili msomaji asikwame. Mwaka wa 1939 Hichens alichapisha Al-Inkishafi, utendi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na jina la mhariri likang'aa kwenye jalada.

Ernst Dammann, Mjerumani, naye alifika Lamu mwaka wa 1936 pamoja na mkewe Ruth. Tofauti na Hichens, wao waliketi na mzee ana kwa ana, wakamsikiliza akisoma na kueleza maneno magumu. Mkusanyiko wa mashairi ya lahaja ya Kiamu uliotokana na kazi hiyo ulitolewa Hamburg mwaka wa 1940. Vita vilikuwa vimeanza, Ujerumani na Kenya ya Waingereza zikiwa pande mbili za mapigano, na ni vigumu kufikiri kwamba Kijuma aliwahi kukiona kitabu hicho. Alifariki mwaka wa 1945.

Kilichofuata ni sehemu inayoumiza. Katika maktaba, mikusanyiko huitwa kwa jina la aliyekusanya, si la aliyeandika. Miswada ya London imo katika mafungu ya Werner na ya Hichens, ile ya Ujerumani ni ya Dammann, na mkono mmoja wa Lamu umegawanywa chini ya majina ya wageni. Ni kweli pia kwamba bila wageni hao karatasi nyingi zingeliwa na mchwa au kuozeshwa na unyevu wa pwani, kama zilivyoangamia nyingine nyingi zilizobaki majumbani. Kijuma aliwauzia kwa hiari yake. Lakini mtu anayeuza nakala hauzi jina.

Kazi ya kumrudishia jina ilianza taratibu. Mwaka wa 1973 Abdilatif Abdalla alihariri utendi wa Liongo, ukachapishwa Dar es Salaam ukiwa na jina la Muhammad Kijumwa kama mtunzi. Mwaka wa 1983 Mohamed Abou Egl alikamilisha London tasnifu nzima kuhusu maisha na kazi zake, akitegemea pia kumbukumbu za watu wa Lamu. Mwaka wa 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa chenye maandishi yake kutoka hazina ya Dammann na kwingineko. Chuo cha London nacho kimeweka picha za miswada mingi ya Kiswahili kwenye mtandao wa intaneti, hivi kwamba mwanafunzi wa Ngao au Tarasaa mwenye simu anaweza kuutazama mwandiko wa Kijuma bila kuvuka mto.

Shida ni kwamba wachache kati ya wanafunzi hao wangeweza kuusoma. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakifundishwi katika shule zao, na wazee wanaokisoma kwa wepesi wanazidi kupungua. Huko Lamu, mafundi wanaendelea kuchonga milango ya kijumwa kwa wateja wa mahoteli na majumba mapya.